Sori ya Jamaldin wa Lifti

Jamaldin hakuzaliwa na neno lile. Nasema hivi kwa sababu vijana wa hapa Kuze wadhani alitoka tumboni mwa mamake akisema sori. La. Mamake nilimjua vizuri. Mapishi yake hayakuwa na chumvi, lakini adabu alikuwa nayo. Neno lile Jamaldin alilipata kazini, kama mtu apatavyo kikohozi.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lifti kwenye jumba moja refu la maofisi huko mjini. Jumba silitaji jina, wenyewe wako hai na wana mawakili. Lifti ilikuwa ya zamani, mlango wake wa vyuma vya kukunjana, ndani mpini wa shaba na kigoda cha Jamaldin. Akae, avute mlango, ashike mpini, aseme, "Gorofa ya tatu." Basi. Mtu mzima na ndevu zake, kwa miaka thalathini na mmoja, hiyo ndiyo kazi.

Siku ya kwanza mkubwa wake alimwambia, "Ikikwama, waambie watu sori." Na kukwama ilikuwa yakwama kila wiki. Ilikwama na majaji. Ilikwama na bibi harusi aliyekuwa akienda kupigwa picha gorofa ya nne, akatoka wanja umemfika kidevuni. Siku moja ilikwama na mja mzito wa kutoka Kibarani, uchungu ukamshika humo humo baina ya gorofa ya pili na ya tatu. Jamaldin akageuza uso ukutani, akawa asema "sori, sori, sori" mpaka mtoto akatoka. Mtoto alipolia, akaambiwa sori na yeye. Sasa ni mtu mzima, auza matikiti sokoni Marikiti, na wenziwe wamwita Lifti.

Basi neno likamganda. Akaja nalo nyumbani, akastaafu nalo. Ukipiga chafya, sori. Ukijikwaa upande ule wa barabara, yeye yuko upande huu na viazi karai mdomoni, akupigia ukelele sori, utadhani ndiye aliyekusukuma. Ataka kupita, sori. Hakukusikia, sori. Ataka kukukatiza maneno, sori. Amekalia kiti chako na hana nia ya kuondoka, sori. Stima zikikatika yuwatoka barazani kuwaambia majirani sori, hata mgeni mmoja akamuuliza zitarudi saa ngapi. Mazikoni ashika mkono wa mfiwa, sori. Harusini akipita na sahani ya pilau, sori. Kuku wa Ummukulthum, jirani yangu wa gorofa ya chini yangu, akimpita miguuni aambiwa sori, na yule kuku alikuwa afahamu kuliko mimi.

Sisi hapa kila jambo lina neno lake. Mwenye mzigo asema simile. Mwenye kuja nyumbani kwa mtu asema hodi. Aliyefikwa aambiwa pole. Anayetaka kupita au kuuliza asema samahani. Na aliyekukosea, akakutia uchungu, huyo ana neno moja tu, niwie radhi. Nalo halisemwi mtu akipita njia. Wakaa, wamtazama uliyemkosea, wasema neno lenyewe, kisha wangojea akujibu. Jamaldin aliyakusanya yote hayo akayatia kwenye gunia moja, akalishona mdomo.

Mimi na yeye hatukusemezana miaka tisa. Sababu ni kabati.

Marehemu mume wangu alipokufa nilihamia huku juu, gorofa ya pili. Nilikuwa na kabati la mamangu, la mvule, lina kioo kirefu mlangoni. Nyumba zetu hizi ngazi zake ni nyembamba, mtu mnene apanda ubavu. Kabati halipiti. Vyombo vikubwa hupandishwa kwa nje, wafunga roda, lile gurudumu la kamba, juu ya roshani, wapitisha kamba, wanaume wavuta kutoka chini, wengine wapokea juu. Hivyo ndivyo zilivyopandishwa samadari zote, vile vitanda vikubwa, unazoziona mji huu.

Nilikuwa nimeshawapata mahamali wa kulivuta. Akaja Jamaldin na kofia yake ya kazi kichwani.

"Bi Hind, hawa warudishe. Mambo ya kupanda na kushuka niachie mimi."

"Wewe ulikuwa wavuta kamba?"

"Miaka thalathini na mmoja sijaangusha mtu."

Sikuulizwa, lakini najibu. Ndiyo, nilikubali. Ujinga wangu ulikuwa siku hiyo tu, wake ni wa kila siku.

Akamleta Crispus, soja mlinda mlango wa lile jumba lao, mtu wa kutoka bara, mikono kama makasia. Crispus akashika kamba pamoja na wawili wengine. Jamaldin yeye hakushika kitu. Alipanda kwangu roshani akasimama wima, akawa atoa amri, "Gorofa ya chini! Juu! Taratibu! Gorofa ya kwanza! Kuna anayeshuka?" Aliliuliza kabati.

Lilipofika usawa wa dirisha la Ummukulthum, kamba ikaingia kando ya roda ikabana. Juu haliji, chini halirudi. Crispus akasema, "Mzee, acha nipande niitoe, ni kazi ya dakika mbili." Jamaldin akakataa katakata. "Ikikwama, haiguswi. Yangojewa fundi."

"Fundi yupi?" nikamuuliza.

"Fundi wa lifti."

"Hii ni kamba, Jamaldin!"

"Sori, Bi Hind. Kanuni ni kanuni."

Akaifunga ile kamba kwenye nguzo ya barazani, akaenda zake kula. Kabati la mamangu likaning'inia siku nne. Wageni waja na kamera zao wapiga picha. Ummukulthum alikuwa achana nywele kila asubuhi kwenye kioo changu, aniita kutoka chini, "Kioo chako chanipendezesha, dada!" Nikataka niingie kwake nifungue kabati kwa dirishani nitoe vitu vyangu. Jamaldin akaja mbio akasimama mlangoni, mikono ameitandaza, "Abiria hatolewi baina ya gorofa! Ni khatari!" Mle ndani mlikuwa na sanda yangu. Sanda aliyonunua mume wangu Makka, akaiosha kwa maji ya zamzam, akanikunjia kwa mkono wake, akaniambia, "Hii yako, Hind, na yangu ile." Yake alishaivaa.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Kamba ikakatika. Kabati likaenda chini, likapasuka kama tikiti, na sanda ikaruka ikatua kwenye mtaro, katika maji meusi na vikonyo vya mabamia. Nilishuka na leso moja kichwani. Jamaldin alikuwa amesimama pale. Alinitazama, akautazama mtaro, akasema:

"Sori."

Akaangalia saa yake, akaenda zake.

Ndiyo hivyo. Miaka tisa. Maalim wa msikitini alinijia mara mbili kuniambia kuwa kununiana zaidi ya siku tatu hakufai. Nikamwambia, "Maalim, sijamnunia. Mimi nangojea tu neno langu. Likija nitalijibu."

Sasa mwaka huu, Abrar, bintiye Jamaldin, akampatia babake safari ya Hija. Mtoto mzuri yule, sijui alimtoa wapi. Ndege ilikuwa Alhamisi asubuhi. Na mtu akienda Hija hapa kwetu, desturi yajulikana, hupita nyumba baada ya nyumba akiombana radhi na watu. Hujui kama utarudi. Na ukienda kule na kinyongo cha mtu mgongoni, wenda kuzunguka tu kama punda wa kinu cha simsim.

Jumamosi akapita mtaa mzima. Nilimsikia kutoka dirishani. "Sori, Bwana Faraj." "Sori, Mama Areej." Watu wa siku hizi hawana shida, wamjibu "Haya, Mola akutakabalie," na sahani ya kaimati juu. Akafika kwangu. Alisimama mlangoni, kanzu mpya, yanuka udi.

"Sori, Bi Hind."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumjibu tangu mvua ile. "Sori ya nini?"

"Ya yote."

"Yote ni mangapi?"

Akapangusa uso. "Lile la kabati."

"Kabati lilifanya nini?"

"Lilikwama."

"Lenyewe?"

"Kamba ili—"

"Kamba ilikuwa na kofia kichwani, yatoa amri?"

"Sori, Bi Hind. Nishasema sori. Wataka niseme mara ngapi?"

"Hata moja. Nataka lile jengine. Unalijua. Mamako alikufunza."

Akafungua mdomo. Nikaona ulimi wagusa meno. "Ni...," akasema. "Ni... ni..." Kisha akatoa "sori" kubwa kama mtu aliyekuwa amemeza mfupa, akageuka akateremka.

Hapo ndipo mtaa mzima ukahamia kwangu. Jumapili akaja Abrar, macho mekundu. "Khaleti Hind, baba asema haendi. Asema bila ya radhi yako haweki mguu ndegeni. Na mimi nimefanya kazi miaka mitano kwa safari hii."

"Mwanangu, mimi sikumzuia. Mlango wangu uko wazi, neno ni moja."

"Lakini sori si ndiyo hiyo hiyo?"

"Ukimkanyaga mtu mguu, ndiyo hiyo hiyo. Ukimtupia sanda mtaroni, siyo."

Jumatatu akaja Crispus, kapiga suti ya kanisani. "Mama, hata sisi kwetu kanisani twaambiwa tusamehe mara sabini mara saba."

"Wewe, Crispus, nilikusamehe siku ile ile. Wewe ulivuta kamba ukatoka jasho, na ulisema neno la maana ukakataliwa. Yule aliyekataa ndiye ninayemtaka. Kunywa chai."

Akanywa vikombe vitatu, akala mahamri sita, akenda zake bila ya kumtetea tena.

Jumanne mambo yakazidi. Ummukulthum, ambaye kazi yake duniani ni kutengeneza mambo yasiyomhusu, akamwita Jamaldin kwake ili amfunze. Alichukua mto, akauvisha leso yangu, ile niliyomwazima tangu Ramadhani na hakunirudishia, akauweka kitini. Akamwambia, "Huyu ni Hind. Mtazame. Sema."

Mimi niko juu, sakafu ya mbao, kila kitu nakisikia.

"Niwie radhi, Bi Hind," Jamaldin akasema. Wazi kabisa. Tena akarudia, mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya kutia huruma. Ummukulthum akapiga kigelegele.

Akapanda mbio kuniambia. "Kalisema! Dada, kalisema!"

"Kamwambia nani?"

"Mto."

"Na mto umemwia radhi?"

"We Hind!"

"Basi aende Makka na mto. Na leso yangu naitaka leo."

Jumatano, adhuhuri, siku moja kabla ya ndege, Jamaldin akaanza kupanda ngazi kuja kwangu. Nikamsikia miguu, nikavaa mtandio nikakaa. Akafika nusu. Miguu ikanyamaza. Nikangoja. Nikatoka kutazama. Amekaa kwenye kidato, baina ya mlango wa Ummukulthum na wangu, mikono ameishika magotini, kama yuko kwenye kigoda chake kile.

"Panda," nikamwambia.

"Siwezi."

"Basi shuka."

"Siwezi."

Abrar akaja akamvuta mkono. Hakuvutika. Ngazi nimeshakwambia ni nyembamba. Mtoto wa Ummukulthum alikuwa aniletea jiko langu la gesi, ikabidi amruke. Muuza maziwa akamruka. Kila anayemruka yeye amwambia sori. Mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kutazama, wakajaa chini ngazini. Mmoja, mshenzi, akauliza, "Fundi ameitwa?" Wakacheka wote. Hata mimi kidogo, ndani ya mtandio.

Ikapigwa adhana ya alasiri, bado amekaa. Abrar hapo akaketi chini akalia, kilio cha kweli, kile kisicho na sauti. Begi la babake lilikuwa tayari limefungwa utepe wa kijani, liko chini mlangoni. Ndipo nikashuka vidato vitatu. Sikushuka zaidi. Magoti yangu ni yangu.

"Jamaldin, una nini? Mto umeweza kuuambia."

"Mto haujibu," akasema.

Nikamwacha aseme.

"Bi Hind, kule ndani ya lifti ikikwama, wale watu wakutazama. Wote. Na wewe huna la kuwafanyia, fundi yuko mbali. Wasema sori, wageuka, watazama mlango. Sori haingojei mtu. Waisema, imekwisha, hakuna anayekurudishia kitu. Hili lako wewe, nikilisema nabaki nimesimama. Nangojea. Na ukisema hapana?"

"Nikisema hapana utakuwa umesikia hapana."

"Nami ndege yangu kesho."

"Hilo si langu. Wewe ulipotazama saa yako pale mtaroni, mimi nilikuwa nangojea pia."

Akainamisha kichwa. Wale wa chini wakanyosha shingo, hata yule mshenzi. Nilikuwa naona upara wake, na jasho ladondoka kwenye kanzu. Halafu akasimama. Alisimama vibaya, miguu ilikuwa imemfa ganzi, akashika ukuta. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya miaka tisa.

"Bi Hind binti Abdullah. Niliwakataza mahamali wako, na Crispus nikamkataza. Nikakukataza kutoa vitu vyako. Kabati la mamako nimelivunja mimi. Na ile sanda, nimeiangusha mimi. Niwie radhi."

Akangoja.

Nami nikamngojesha. Msiniangalie hivyo. Miaka tisa mtu angoje, yeye dakika tatu zimuue? Nilitazama ukutani, nikaikumbuka mikono ya mume wangu ikikunja kile kitambaa, pembe juu ya pembe. Abrar alikuwa amefunika mdomo. Ummukulthum alikuwa akinifanyia ishara kwa macho mpaka nikadhani amepatwa na kifafa. Jamaldin mwenyewe hakusema sori. Niliiona ikimpanda kooni, akaimeza.

"Haya," nikasema. "Nimekuwia radhi ya kwenda."

"Ya kwenda?" akauliza Abrar.

"Ya kwenda. Aende, azunguke, amrajimu shetani, Mola amtakabalie. Ya kurudi tutazungumza akirudi."

Pakawa na zogo. Ummukulthum akasema radhi haigawanywi kama mkate. Abrar akasema, "Khaleti, haiwezekani nusu!" Wakampigia simu maalim, wakaiweka sauti juu wote tusikie. Maalim akauliza, "Amesema nimekuwia radhi?" Wakasema ndiyo. "Basi imeshatoka mdomoni, hayo mengine ni maneno ya Bi Hind." Nikamwambia nimekusikia, maalim. Akakata simu.

Jamaldin hakubishana. Alisema atanitafutia sanda nyengine kule, aioshe zamzam. Nikamwambia asithubutu. Ninayo niliyonunua mwenyewe, na sitaki kwenda kaburini na deni la shukrani kwa mtu huyu. Akasema haya. Akateremka, na Alhamisi asubuhi akaondoka. Sikwenda kumsindikiza, lakini nilifungua dirisha.

Siku ya kumi na nne Abrar akaja mbio na simu mkononi, sauti ameiweka juu. "Baba huyu, kutoka Makka, ataka wewe!"

Sauti yake ilikuwa mbali, watu wengi nyuma yake wasoma.

"Bi Hind, asalaam aleikum. Nimekuombea dua mbele ya Kaaba."

"Aleikum salaam. Umeniombea nini?"

"Nimemwomba Mola akupe moyo wa kusamehe."

Nikavuta kiti nikakaa. "Kimoyomoyo au kwa sauti?"

"Kwa sauti, Bi Hind. Nililia kabisa."

"Ukanitaja jina?"

"Nikakutaja, na la babako, na mtaa, asije akapewa Hind mwengine."

"Na watu waliokuwapo ni wangapi?"

Akafikiri. "Wasema mwaka huu ni zaidi ya milioni."

"Basi umenisema kwa Mwenyezi Mungu, mbele ya watu milioni, kwamba Hind binti Abdullah wa Kuze hana moyo."

Wale watu wasoma tu nyuma yake. Kisha akasema, "Niwie radhi, Bi Hind." Haraka, moja kwa moja, hata pumzi hakuvuta. Lilimtoka kama mate.

Abrar akapiga makofi. "Umesikia, khaleti? Kashalizoea!"

Nilisikia sana. Nikaisogeza simu mdomoni nisije nikasema kitu asikisikie.

"Ukirudi, Jamaldin, panda mpaka juu. Ya kwanza bado nusu, na hii ni mpya. Na uje umekula, utangojea."